UpToDate, BMJ Best Practice, DynaMed au zile za bure: hospitali yako ichukue ipi?

Mwaka jana hospitali yetu pamoja na vituo vyake vitatu vya afya tulikaa miezi kama minne tukibishana tuchukue kitu gani cha kuwasaidia watu wetu kutafuta majibu ya kitabibu wakiwa kazini, yaani dozi, vipimo, dawa ipi inagombana na ipi, mgonjwa wa namna hii unaanzia wapi. Kazi ya kuzijaribu moja moja nilipewa mimi, nikazunguka wodini na simu mkononi karibu kila siku, kwa hiyo naandika nilichokiona maana najua kuna wenzangu wako palepale tulipokuwa sisi na muuzaji ameshawatumia barua pepe ya tatu.

Nianze na sisi ni nani ili ujue unalinganisha na nini. Hospitali ni ya kanisa, ngazi ya wilaya, Tanzania Bara. Madaktari wachache, matabibu wengi kiasi, manesi ndio jeshi lenyewe. Intaneti ya ofisi ipo jengo la utawala tu, wodini kila mtu anatumia bando lake. Umeme ukikatika jenereta linawashwa ila ile waya ya intaneti inachukua muda kurudi. Hili la mtandao lishike vizuri, maana ndilo limeamua mambo mengi kuliko ubora wa zana zenyewe.

Na tusichanganye. Siongelei mfumo wa kusajili wagonjwa kama GoTHOMIS. Naongelea maktaba ya kitabibu ya kwenye simu au kompyuta ambayo wahariri wanaisasisha wao, wewe unauliza swali unapata jibu lenye ushahidi nyuma yake.

Kisa kimoja kwanza

Miaka kadhaa nyuma, hospitali nyingine niliyokuwa nafanya kazi, usiku ndugu walimleta mama mjamzito anadegedeka, kifafa cha mimba kabisa. Intani aliyekuwa zamu alikuwa kijana makini sana, akatoa simu akafungua zana kubwa ya Kimarekani aliyokuwa nayo tangu chuoni, akasoma haraka haraka. Akakuta magnesium sulphate dozi ya kuanzia kwa mshipa, halafu gramu 1 hadi 2 kwa saa kwa pampu ya dripu. Pampu hatukuwa nayo. Sasa pale akakwama, anapekua juu chini anatafuta kama kuna njia nyingine, dakika zinakwenda, mama bado anatikisika.

Nesi mkunga mmoja wa siku nyingi akamshika bega akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya sinki. Ampuli ya asilimia 50 ina gramu 5 kwenye mililita 10. Vuta mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12 kwenye bomba la sindano la mililita 20, hizo ni gramu 4, sukuma polepole kwa mshipa. Kisha gramu 5 kila tako, ukichanganya na lignokeini mililita 1. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4 ukiwa umehakikisha goti linaruka ukiligonga, anapumua angalau mara 16 kwa dakika na mkojo unatoka. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupambana na magnesium ikizidi mwilini, iwe mezani tayari. Basi. Mama alitulia, mtoto alitoka hai kesho yake asubuhi.

Zana ya yule intani haikuwa na kosa. Iliandikwa kwa ajili ya wodi yenye pampu, na kwenye mada hiyohiyo njia ya misuli ilikuwepo, ila chini sana, na mtu aliyeshikwa na hofu hasogezi kidole mpaka chini. Tangu siku hiyo kila nikipima zana yoyote najiuliza swali moja: nesi wa zamu ya usiku, simu ya bei ya kawaida, mtandao umekata, atalipata jibu linaloendana na kilichopo kwenye kabati lake?

UpToDate na BMJ Best Practice

Hizi mbili ndizo watu wanazilinganisha sana, kwa hiyo nizieleze pamoja.

UpToDate ilianzishwa 1992 huko Marekani na Dkt. Burton Rose, daktari wa figo, na tangu 2008 ipo chini ya kampuni ya Wolters Kluwer. Kwa kina haina mpinzani, niseme wazi. Ukiisoma ni kama umekaa na daktari bingwa anakueleza anavyofikiri, kwa nini hii kabla ya ile, ushahidi ukiwa dhaifu anakwambia ni dhaifu. Mapendekezo yake yana alama, 1 maana yake pendekezo lina nguvu na 2 maana yake halina nguvu sana, halafu A, B, C kwa ubora wa ushahidi, kwa hiyo ukiona 1A unatembea kifua mbele na ukiona 2C unajua hapa hata wakubwa wanakisia kwa busara. Sehemu ya dawa na migongano ya dawa ni nzuri mno. Tuliwapa mabingwa wetu wawili wakaitumia wiki mbili na hawakutaka kuirudisha.

Tatizo la kina ni urefu. Mada moja unaweza kusogeza skrini mpaka kidole kichoke, na tabibu mwenye wagonjwa sitini kwenye foleni hana huo muda. Wanaojua wanaruka moja kwa moja kwenye muhtasari na mapendekezo, ila hiyo ni mbinu ya kufundishwa, mtu mpya haijui.

BMJ Best Practice ilitoka 2009, ni ya kundi la BMJ la Uingereza ambalo linamilikiwa na chama cha madaktari wa kule. Yenyewe imepangwa kama mgonjwa anavyokuja: historia, uchunguzi, vipimo vya kwanza, vipimo vya baadaye, magonjwa yanayofanana, tiba hatua kwa hatua kulingana na mgonjwa wako ni nani, mjamzito au mtoto au mwenye shida ya figo. Unabonyeza kundi la mgonjwa wako unaona mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Matabibu na madaktari wetu wapya waliipenda kwa sababu hiyo tu, kwamba unakwenda kituo kwa kituo bila kusoma insha. Ina pia sehemu ya kuongeza magonjwa mengine aliyonayo mgonjwa, mfano umefungua nimonia halafu unaongeza kisukari, tiba inabadilika mbele yako. Kwa wodi ya watu wazima hilo ni jambo kubwa kwa sababu siku hizi nani anakuja na ugonjwa mmoja?

Ukifika kwa bingwa, BMJ inakuwa fupi. Daktari wetu wa magonjwa ya ndani alikuwa akifika mwisho wa mada bado ana maswali matatu.

Sasa la mtandao. Apu ya BMJ ukishaingia kwa akaunti ya taasisi unashusha maudhui yote kwenye simu na baada ya hapo unasoma hata ukiwa umezima data. Tulijaribu kwenye kituo chetu cha afya kilichopo bondeni ambako simu hata kupiga inabidi upande kilima, ikafanya kazi. UpToDate nayo inaweza kushushwa yote kwenye simu ila hilo linategemea aina ya mkataba, kwa hiyo usisaini mpaka umeandikiwa wazi kama kifurushi chako kina kushusha au hakina. Na kitu kingine ambacho muuzaji hakukitilia mkazo: kwa akaunti za taasisi, UpToDate inataka kila mtumiaji athibitishe upya kila baada ya siku 90 kwamba bado yupo kwenye taasisi hiyo, kwa kuingia kupitia mtandao wa hospitali. Kwa hospitali ya mjini hiyo si shida. Kwa nesi wa kituo cha bondeni ina maana kila miezi mitatu apande basi aje makao makuu, asipokuja anafungiwa. Ukiwa na vituo vya mbali liulize hili siku ya kwanza.

Bei sasa. UpToDate mtu mmoja mmoja kwa bei ya kawaida inapita dola 500 kwa mwaka. Kwa taasisi hakuna bei ya ukutani kwa zote mbili, unaomba nukuu, wanaangalia ukubwa wako, nchi yako, idadi ya watumiaji, na bei ya kwanza unayopewa siyo ya mwisho, omba tena. Mhasibu awepo kwenye mazungumzo mapema, kuna suala la kodi ya zuio kwa malipo ya nje na kuna suala la dola kubadilika kati ya siku ya nukuu na siku ya kulipa. Kabla hujatoa hata senti angalia milango ya bure. Kuna Hinari, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya afya mtandaoni, ulioanza 2002 chini ya WHO na upo ndani ya Research4Life, nchi zimegawanywa makundi, kundi A taasisi zake zinaingia bure, kundi B zinalipa kidogo, ukishasajili taasisi yako unaona ndani kuna nini kwa nchi yako. Na kuna mpango wa Better Evidence uliolelewa na Ariadne Labs pale Boston ambao umekuwa ukitoa UpToDate kwa wahudumu wa maeneo yenye uhitaji. Masharti yanabadilika kwa hiyo soma mwenyewe, ila kuomba hakugharimu kitu, na nimeona hospitali zikilipa kitu ambacho zingekipata bure kwa sababu hakuna aliyejaza fomu.

DynaMed

Hii huku kwetu haijulikani sana na naona inaonewa. Ilianzishwa 1995 na Dkt. Brian Alper, daktari wa familia, ikanunuliwa na kampuni ya EBSCO 2005. Maandishi yake ni ya nukta nukta fupi fupi, kila nukta ina kiwango cha ushahidi, 1 ni wa kutegemewa, 2 wa kati, 3 bado hakuna ushahidi wa moja kwa moja. Daktari anayependa kujua hii kauli imetoka utafiti gani ataipenda kuliko zote. Kwenye majaribio yetu ilikuwa katikati, haraka kuliko UpToDate, kali kwenye ushahidi kuliko BMJ, ila nesi wetu mmoja alisema ni kama kusoma daftari la mtu mwingine, nukta nyingi hujui uanzie ipi. Ikiwa hospitali yako ina chuo na wanafunzi wanafundishwa kuchambua tafiti, iweke kwenye orodha. Kwa sisi tuliiacha.

Za bure, na hapa nakaa kidogo

Watu wengi wanaruka hapa kwa kudhani cha bure ni cha kujishikiza. Mimi nimetoka kwenye ule mchakato nikiamini kinyume, kwamba kwa zahanati na vituo vya afya hizi ndizo za kwanza na zile za kulipia ni nyongeza.

Anza na STG, mwongozo wa matibabu wa taifa pamoja na orodha ya dawa muhimu. Toleo la sita ni la 2021. Kila dawa ina herufi ya ngazi, A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya halmashauri na kuendelea juu, kwa hiyo ukifungua unajua papo hapo kama dawa hiyo inatakiwa iwepo kwako au unampa mgonjwa rufaa. Hakuna zana ya London wala Boston itakayokwambia hilo hata ulipe kiasi gani. Na bima nao wanaangalia humo. Udhaifu wake ni kwamba ni faili refu la PDF, kutafuta kwenye simu ndogo ni mateso, na mambo ya malaria, TB na VVU yanabadilika kwa nyaraka za wizara kabla kitabu hakijachapwa tena. Sisi tulimpa mtu mmoja kazi ya kukusanya kila waraka mpya na kuutuma kwenye grupu la WhatsApp, na jina la faili lianze na mwaka. Kitu kidogo lakini kimepunguza sana ubishi. Wenzetu wa Uganda wana mwongozo wao wa taifa, na Kenya wana kile kijitabu cha itifaki za watoto cha mfukoni ambacho binafsi naona ni moja ya vitu bora kuwahi kutengenezwa ukanda huu, kwa sababu dozi zimeshapigwa hesabu kwa kilo, unasoma mstari wa kilo 9 unachukua jibu.

Halafu apu ya MSF, Madaktari Wasio na Mipaka. Bure, inashushwa yote, haitaki akaunti wala paswadi, na iliandikwa na watu waliofanya kazi kwenye hema. Ukitafuta kifafa cha mimba unapewa njia ya misuli na namna ya kuchanganya, ukitafuta utapiamlo, kuhara, uzazi, surua, TB, vyote vipo kwa lugha fupi. Ipo pia kwa Kifaransa, kwa hiyo jamaa zetu wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa hawaachwi. Usitafute humo saratani wala moyo kwa undani, hayamo.

Kwa antibayotiki kuna kitabu cha AWaRe cha WHO kilichotoka Desemba 2022, zaidi ya maambukizi 30, watoto na watu wazima, dawa zimegawanywa makundi matatu: za kutumia kwanza, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Mfamasia wetu alikifungua siku ya kwanza akaenda moja kwa moja kwenye seftriaksoni, ipo kundi la uangalifu, na sisi tulikuwa tunaichoma kama maji. Kile kitabu kimoja kilianzisha mjadala ambao mikutano miwili ya nyuma ilishindwa kuuanzisha.

Medscape pia ni bure ukijisajili, kipimo chake cha migongano ya dawa kinafanya kazi vizuri na vijana wengi tayari wanayo. Ila inaendeshwa kwa matangazo ya makampuni ya dawa na ni ya Kimarekani kwelikweli. Kama mtu anayo sawa, ila taasisi isiifanye kuwa rejea yake rasmi.

Na ChatGPT na ndugu zake? Watu wetu wanazitumia, tusijidanganye. Jibu linakuja limenyooka hata pale ambapo ni kosa, na kwenye dozi ya mtoto kosa la nukta moja ni maisha. Sisi tuliweka sharti: unaweza kuiuliza ikufafanulie jambo ila dozi unaithibitisha kwenye rejea, na jina, picha au namba ya faili ya mgonjwa haiingii humo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na taarifa za afya ni nyeti.

Majina na vipimo, hapa ndipo watu wanaanguka

Hili sijaliona kwenye ulinganisho wowote na kwangu lina uzito kuliko idadi ya mada. Zana za Kimarekani zinazungumza Kimarekani. Sisi tunasema parasetamoli, kule ni acetaminophen. Salbutamoli kule ni albuterol. Adrenalini ni epinephrine. Glibenklamaidi ni glyburide. Mtafutaji wa zana kubwa anakuelewa ukiandika jina la kwetu, ila ukifika ndani ya mada, jedwali limeandikwa kwa jina lao na nesi anaweza kupita juu ya dawa aliyonayo kabatini akidhani haipo.

Vipimo, yaani vizio kama milimoli na miligramu, ndiyo hatari zaidi. Mashine yetu ya sukari inasoma kwa milimoli, kule maandishi mengi yanatanguliza miligramu kwa desilita. Ya kwetu unazidisha kwa 18 kupata ya kwao. Mtoto mwenye malaria kali sukari ikiwa chini ya 2.2 ni dharura, na hiyo 2.2 kwa Kimarekani ni 40. Sasa mtu anasoma "chini ya 40" halafu anaangalia mashine imeandika 3 na pointi, anaanza kuchanganyikiwa usiku wa manane. Kreatinini vilevile, maabara yetu inatoa kwa mikromoli, 1 ya kwao ni kama 88 ya kwetu. Tulipojaribu swali la metfomini kwa mgonjwa mwenye kreatinini 150, BMJ ilienda moja kwa moja kwa vipimo vyetu, UpToDate kuna hatua ya kubadili. Kikokotoo kipo ndani, ni kizuri, ila ni hatua moja zaidi na kila hatua ni mlango wa kosa. Tumebandika kadi ndogo ya kubadili vipimo nyuma ya kila kompyuta.

Jinsi ya kujaribu bila kudanganywa na muuzaji

Muuzaji akija na maonyesho yake atachagua maswali yake, na kwa maswali yake kila zana inang'aa. Sisi tulichukua kitabu cha ripoti ya usiku tukatoa maswali kumi na mawili yaliyotokea kweli. Mfano: mgonjwa yupo kwenye dawa za VVU zenye dolutegravir, leo ameanzishwa dawa za TB, nifanye nini? Jibu sahihi ni kwamba rifampisini, mojawapo ya hizo dawa za TB, inashusha dolutegravir kwa hiyo unaongeza miligramu 50 nyingine, iwe asubuhi na jioni. Mwingine: mtu kaumwa na nyoka asiyejulikana shambani, mguu umevimba. Hapo kwenye zana kubwa utakuta mada ya nyoka wa Marekani na mada ya nyoka wa dunia, na asiyejua anaingia ya kwanza akaanza kusoma seramu ya nyoka ambaye hajawahi kukanyaga Afrika.

Tukawapa watu watatu, nesi, tabibu na daktari, kila mmoja simu yake mwenyewe na si ile nzuri ya mkurugenzi, wodini na si ofisini. Tukaangalia muda, jibu kama ni sahihi, na jibu kama linatekelezeka na vilivyopo stoo. Hilo la tatu ndilo lililobadilisha mpangilio wote. Kwa maswali ya dharura, mshindi alikuwa apu ya MSF na karatasi ya ukutani. Kwa mgonjwa wa kawaida wa wodini BMJ. Kwa mgonjwa mgumu wa raundi ya bingwa UpToDate.

Kuisambaza hospitali nzima

Kununua ni wiki moja, kuzoesha watu ni mwaka. Mambo machache tuliyoyaona.

Tulianza na manesi, si madaktari. Wao ndio wapo na mgonjwa saa 24, na wakiizoea wao intani mpya anaikuta tayari ni desturi ya wodi. Kila wodi ilitoa mtu mmoja anayependa mambo haya, mfanye yeye awe mwalimu wa wenzake, na apangiwe zamu kwa namna ambayo ana muda huo kweli.

Kwenye ripoti ya asubuhi kila Jumatano mtu mmoja analeta swali lililomsumbua usiku na anaonyesha alivyolitafuta. Dakika tano. Mganga mfawidhi ndiye aliyeanza wiki ya kwanza, alisimama akasema mbele ya wote kwamba jana alikuwa hajui dozi fulani akaitafuta. Siku ile kitu kilibadilika pale ukumbini, nilikiona kwa macho, kwa sababu huku kwetu mkubwa akikubali kuangalia kitabu mbele ya watu basi mdogo naye anapata ruhusa.

Kuna la wagonjwa. Mgonjwa akiona daktari ameinamia simu anaamini anachati, na ana haki ya kuudhika, ametoka mbali. Tumewafundisha watu waseme kwa sauti, "Mama, naangalia dozi inayokufaa wewe na hiyo mimba yako," na simu ishikwe juu, mgonjwa aione skrini akitaka. Malalamiko kwenye sanduku la maoni yalikuwepo miezi ya mwanzo, tukayasoma, tukarekebisha.

Paswadi moja ya watu wote kwenye WhatsApp, usifanye. Ni kinyume cha mkataba, akaunti inafungwa, na hutajua nani anatumia na nani hatumii. Kila mtu afunguliwe ya kwake siku ya mafunzo akiwa palepale na simu mkononi, na maudhui yashushwe kwa intaneti ya ofisi kabla hajatoka mlangoni, maana ukimwambia akashushe nyumbani kwa bando lake hatashusha, na simlaumu.

Na muhimu kuliko yote, andikeni mapema: zana ikisema tofauti na STG, nani anafuatwa? Sisi tumeandika kwamba STG na nyaraka za wizara ndizo za kwanza, mtu akiona tofauti anaileta kwenye kamati ya dawa na tiba na inajibiwa ndani ya mwezi. Bila hiyo kila wodi itakuwa na tiba yake.

Ningekuwa wewe

Ukiwa na zahanati au kituo cha afya, usilipe chochote sasa hivi. STG, MSF, AWaRe kwenye kila simu, karatasi za dharura ukutani zilizopitiwa na kusainiwa tarehe, kifafa cha mimba, damu baada ya kujifungua, sukari ya mtoto, mzio mkali.

Hospitali ya wilaya yenye matabibu na intani wengi na vituo vya mbali kama sisi, ongeza BMJ Best Practice, kwa sababu ya ile kushusha kwenye simu, vipimo vyetu na mpangilio wa hatua. Hicho ndicho tulichochukua, kwa vituo vyote. Hospitali ya rufaa yenye mabingwa na intaneti wodini, UpToDate, lakini omba kwanza kupitia mpango wa msaada, na ukikosa linganisha nukuu yake na ya DynaMed kabla ya kukubali. Zote vyeti vyake vya mafunzo endelevu vipo, ila uliza baraza lako kama linazipokea pointi zake kabla hujawaahidi watu.

Mkataba wetu ni wa mwaka mmoja tu, tulikataa wa miaka mitatu ingawa ulikuwa na punguzo. Miezi mitatu kabla haujaisha tutatoa tena kitabu cha ripoti ya usiku, maswali kumi na mawili mapya, nesi, tabibu na daktari, na yule tabibu wa kituo cha bondeni safari hii atakuwa mmoja wao.